Swali kwa Nahodha: Kisanduku cha marehemu mjomba

Nahodha mstaafu wa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, anajibu maswali ya wasomaji kuhusu bahari, vyombo na uvuvi.

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa baharia kwenye boti za wageni wanaovua kwa mchezo, kwanza Malindi kisha huko kwenu Shimoni, kabla hajarudi kwetu Tanga. Majuzi tulikuwa tunatoa vitu stoo ili tupige chokaa, tukakuta kisanduku chake cha bati, kizito, kufuli limeoza. Ndani mna vyambo vya bandia ambavyo hakuna aliyevigusa tangu alipoacha bahari. Mna samaki wawili wakubwa wa mbao wenye mdomo wa bati, mmoja ana kichwa chekundu na mwili mweupe, mwingine rangi imembanduka. Mna kijiko cha shaba kilichogeuka cheusi. Mna vichwa vya risasi vyenye manyoya meupe yaliyoliwa na wadudu, na kichwa kimoja cha plastiki ngumu kinachopitisha mwanga, ndani yake kimetiwa vipande vya kioo, na nyuma palikuwa na sketi ya mpira ambayo imeyeyuka na sasa inanata. Mna pia ndoana zilizofungwa nyuzi za kiroba na vipande vya rambo ya buluu, ile mifuko ya plastiki. Mimi nina boti ndogo ya faiba yenye mashine ya hospawa 15, navua kwa mshipi wa mkono. Kijana mmoja pale Deep Sea, soko letu la samaki, anasema ni takataka, lakini atanipa elfu kumi nimwachie vyote. Mwenzake ananinong'oneza kwamba Ulaya vina bei kubwa. Je, vinavua bado? Nivisafishe vipi, au niuze? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anayekiita kitu takataka kisha akatoa elfu kumi mfukoni, huyo anajua anachokitaka. Usimpe.

Hilo la Ulaya tulimalize upesi. Wapo kweli wakusanyaji wanaolipa vizuri, ila wanachotafuta ni chambo ambacho hakijawahi kulowa, kikiwa kwenye boksi lake pamoja na karatasi yake ya maelezo. Vya mjomba wako vimeumwa, vimegongwa, vimepakwa rangi ya boti. Mkusanyaji ataziona hizo kuwa kasoro. Na wala usije ukashawishika kumwambia mtu kwamba vilikuwa vya Hemingway, yule mwandishi wa Marekani. Huyo bwana alikuja kuvua hapa Shimoni mwaka 1954, na chochote chenye kutu kikitoka stoo hakikosi mtu wa kukwambia kilikuwa chake. Mjomba wako alikuwa na jina lake, linamtosha.

Kabla hujashika siki wala msasa, kaa navyo mlangoni penye mwanga uvitazame kimoja kimoja. Tafuta meno. Nguru huacha mikato mirefu, myembamba, iliyonyooka, na mara nyingi utaikuta upande wa mkia, maana nguru hupenda kumkata samaki nyuma kwanza ili asikimbie. Mzia huacha matundu. Meno yake ya mbele ni marefu na huzama kwenye mbao. Kolekole hana meno ya kukata, yeye hubana, kwa hiyo utakuta rangi imepondeka na ndoana zimekunjuka. Jodari haachi alama ya maana. Na ukikuta mahali rangi imesuguliwa tu, hakuna mkato wala tundu, huenda hapo alipita sulisuli au nduwaro akakipiga kwa ule upanga wake, ambao ukiupapasa unakwaruza kiganja mithili ya msasa.

Chambo chenye meno mengi kuliko vyote ndicho utakachoanza nacho. Baharia huwa na vyambo tele sandukuni lakini anavua na viwili vitatu, na hivyo viwili vitatu ndivyo vinavyochakaa. Kilichobaki na rangi nzuri isiyo na mkwaruzo kiweke pembeni kwanza. Kuna sababu hakikuguswa. Tazama pia palipobanduka. Ukiona chini ya ile nyekundu kuna rangi nyingine, ujue mjomba alikipaka upya mwenyewe kwa rangi iliyobaki koponi baada ya kupaka boti. Sote tulikuwa tunafanya hivyo, na hakuna aliyepoteza rangi yake kwa chambo kisichovua.

Sasa vya kutupa. Kinachokufa ndani ya kisanduku ni vyuma vyembamba: ndoana, vipete na waya. Ndoana iliyooza usiihurumie hata kama ncha yake bado inachoma. Ibane kwa plaisi pale kwenye kipindo uikunje. Ikivunjika umeokoa nguru wa kesho. Vipete vinavyoshika ndoana vibadilishe vyote, bila hata kuvichunguza, kwa kuwa bei yake ni ndogo na ndivyo vinavyofunguka samaki akiwa karibu na boti. Waya wowote uliojikunja kona utupe, hapo kwenye kona ndipo utakapokatika. Nailoni ya zamani vilevile, tena usiitupe baharini, ikatekate uichome au uizike, kasa wameshateseka vya kutosha na nyuzi zetu. Na kwa kuwa unavua kwa mkono, zile ndoana za ncha tatu badala yake weka ndoana moja moja kubwa. Utapoteza samaki wawili watatu wanaogusa tu, lakini vidole vyako utabaki navyo siku nguru atakapoanza kurukaruka humo ndani ya boti.

Tuje kwa samaki wa mbao. Soma ule mdomo wa bati. Ukikuta jina Rapala, na karibu yake Finland au Ireland, hivyo ndivyo tulivyovitumia sana kwenye Mkondo wa Pemba. Aliyevianzisha, Lauri Rapala, alikuwa mvuvi wa kawaida huko Finland, hana hela. Mwaka 1936 alichonga chambo chake cha kwanza kwa gome laini la kutengenezea vizibo, akakivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, akayeyusha filamu za picha akakipaka kwa juu maji yasiingie. Alikuwa ameona kwamba samaki mkubwa humwendea yule mdogo anayeyumba, aliyejeruhiwa, akawaacha wazima. Nakueleza haya kwa sababu ya hizo nyuzi za kiroba ulizozitaja juu juu. Mjomba wako alifanya kazi kwenye boti zenye vyambo vya fedha nyingi, na bado akaweka nyuzi za kiroba humo humo kwenye kisanduku. Alijua anachofanya. Nyuzi za kiroba zikivutwa majini hufumba na kufumbua, na samaki kama sehewa hawaoni tofauti. Hizo za zamani zimekauka, zitakatika. Chomoa mpya kwenye gunia la mchele, zipange ziwe na urefu usiolingana. Rambo ndiyo hutapata nyingine, huko kwenu imekatazwa tangu Juni 2019, kwetu tangu 2017, na mimi sina kinyongo.

Mbao usiianike juani. Iweke kivulini penye upepo ikauke taratibu, kisha ibonyeze kwa ukucha kila palipobanduka. Pakiwa pagumu, msasa laini kidogo, ufuta vumbi, halafu muombe dada yako rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, uzibe nyufa tabaka kwa tabaka. Inashika vizuri kuliko vanishi nyingi za dukani na inakauka upesi. Pakibonyea, maji yameshaingia ndani. Kikaushe tena, na kama kimevimba hadi mwili umepasuka, hicho kitundike ukutani. Halafu shika kile kitundu cha waya cha mbele kwa plaisi na kile cha nyuma kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu. Katika vyambo vilivyotengenezwa vizuri kuna waya mmoja unaopita mwilini kutoka mdomoni hadi mkiani. Ukicheza, au ukisikia mlio, usikipeleke baharini.

Kijiko cha shaba kioshe kwa ndimu na jivu, yale yale ya kusugulia sinia, kisha kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi. Mimi hung'arisha upande uliobinuka tu, ule wa ndani nauacha na weusi wake. Kikiyumba majini kinawaka, kinazima, kinawaka. Wenzangu waling'arisha pande zote mbili na tulibishana nao miaka na miaka, kila mtu akihesabu samaki wake kwa namna yake.

Vichwa vya risasi uwe navyo mwangalifu. Ule unga mweupe juu yake ni sumu. Usiusugue ukiwa mkavu, osha kwa maji, nawa mikono, na watoto wasivitie mdomoni. Manyoya yaliyoliwa yakate yote. Tafuta manyoya ya shingoni ya jogoo mweupe, ambayo ni marefu na membamba na hayalowi upesi, uyapange kuzunguka shingo ya risasi, uyakaze kwa uzi uliopakwa nta, umalize kwa ile ile rangi ya kucha. Ukiwa na jioni moja na redio, utatengeneza vyote.

Kile kichwa kinachopitisha mwanga ndicho kitakachokutesa kidogo. Kinatembea vizuri boti ikikimbia, noti saba hadi tisa hivi, yaani maili za baharini kwa saa, na wewe na mashine yako ukiwa umebeba watu wawili na barafu hutafika huko bila kumaliza mafuta. Kivishe sketi mpya ukitaka, lakini kiweke akiba. Kikienda sawa utakijua: hupanda juu, kinavuta hewa, kinazama na kuacha mkia mrefu wa povu, kisha kinapanda tena. Kikiruka nje ya maji kila mara, au kikizunguka, kuna kasoro kwenye sketi au kwenye tundu la katikati.

Chambo cha mbao kinataka mwendo mdogo, noti nne hadi sita, na huo unao. Usikipeleke mbali kabla hujakijaribu. Kifunge, kiweke majini ubavuni mwa boti, pima moja tu ya mshipi, utembee nacho ukikitazama. Kitikise mkia, kikae wima, kisipinduke. Kikienda kushoto, kile kitundu cha mbele kipinde kulia. Kikienda kulia, pinda kushoto. Pinda kidogo kiasi kwamba jicho lisione, ujaribu tena. Wengi hukipinda kwa hasira wakamaliza kazi ya fundi kwa mara moja.

Kikishatulia ndipo ukiachie nyuma. Sisi tulikuwa tunatazama ncha ya fimbo, lakini wewe unayerambaza kwa mkono, yaani kukokota chambo nyuma ya boti, una bahati zaidi. Lala na mshipi kati ya kidole gumba na cha shahada. Chambo kizima hutetemesha mshipi bila kukoma. Tetemeko likiwa zito na la polepole, kimeshika mwani, kivute ukisafishe. Likinyamaza kabisa, ndoana imenasa mshipi wenyewe au chambo kimepinduka. Kuna na lile la tatu: tetemeko linaharakisha ghafla, kisha mshipi unalegea. Hapo nguru amekikata mkiani na anageuka kurudi. Usivute. Ongeza mwendo kidogo tu, uhakikishe mshipi haujakuzunguka mguu. Kuna watu wenye vidole tisa hapa Shimoni na Vanga watakaokueleza hilo vizuri kuliko mimi.

Chambo cha mbao kiwe karibu na boti, kwenye povu la mashine, manyoya na kiroba viende mbali nyuma. Kaskazi, maji yakiwa safi, anza na chenye rangi ya samaki, yule wa pili aliyebanduka. Maji yakichafuka toa kichwa chekundu. Ukivuna, nipe habari. Na huyo kijana wa Deep Sea mpe salamu zangu.

SWALI: Nahodha, huku Mwanza hatuna nguru wala jodari. Baba yangu aliachiwa na Mzungu mmoja wa ujenzi wa barabara vyambo viwili vya mbao, virefu, vyenye mdomo wa bati, na vimekaa juu ya kabati maisha yangu yote. Sangara atavila? — Msomaji, Mwanza

JIBU: Atavila, kama viko imara. Fanya kwanza ukaguzi niliomwandikia mwenzako wa Tanga. Sangara hakuwa wa ziwa lenu, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na wavuvi wa mchezo wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, upande wa Kenya, na kule Murchison Falls, Uganda, wamekuwa wakimvua kwa vyambo hivyo hivyo vya mbao. Maji baridi yana huruma kwa chuma, kwa hiyo huenda hata ndoana zikawa zinafaa.

Mambo mawili yatakuwa tofauti na huku kwetu. La kwanza, mwendo. Tembea taratibu, noti mbili au tatu, ufuate miamba na ncha za visiwa pale kina kinapoanguka ghafla. Chambo kikigonga mwamba mara moja moja usikasirike, hapo ndipo sangara anapokaa, na mara nyingi hukishika pale pale kinapojinasua. Alfajiri na magharibi ni bora kuliko mchana. La pili, waya hauhitajiki. Sangara hana meno ya kukata, ana mswaki mdomoni unaosugua mshipi taratibu, na kifuniko cha shavu lake kina makali. Nailoni nene ya pima moja na nusu mbele ya chambo inatosha, ikague kila baada ya samaki, na ukiikuta imekwaruzika ikate ufunge upya.

Sangara wa chini ya sentimita 50 mrudishe majini, sheria inataka hivyo. Ndoana moja badala ya ncha tatu itakurahisishia kumrudisha akiwa hai.

SWALI: Salaam aleikum mzee. Kijana wangu alikuwa na kisanduku cha plastiki cha kuvulia, akaenda bweni akakisahau. Nimekifungua nikakuta vile visamaki laini vya mpira vya rangi rangi vimegandana na vile vigumu, na kisanduku chenyewe kimetoboka chini ingawa hakijamwagikiwa na kitu. Kinanuka pia. Niondoe vipi bila kuharibu vitu vyake? — Mama wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Hakuna aliyemwaga kitu. Vile visamaki laini vina mafuta ndani yake yanayovifanya vilegee, na mafuta hayo yakikaa na plastiki ngumu kwenye joto huila. Hula rangi ya vyambo vigumu, hula na sakafu ya kisanduku. Ndiyo maana hata ile sketi ya mpira ya msomaji wa Tanga imekuwa vile.

Vyote vilivyolegea vitupe, havina kurudi. Vile vigumu vipake mafuta ya kupikia, viache kidogo, futa kwa kitambaa kizee, kisha osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Usitumie petroli wala dawa ya kutolea rangi ya kucha, itamaliza rangi yote. Fanya kazi hiyo umevaa glavu nene, au kwanza uchomeke kila ndoana kwenye kipande cha kandambili kuukuu. Ndoana ikikuingia kidoleni kupita kile kijino chake usiivute kinyumenyume, nenda zahanati waitoe.

Harufu itaondoka kwa siki na maji, lakini kisanduku kilichotoboka kitie kwenye takataka. Nunua cha bei nafuu chenye vyumba, vilaini vikae kwenye mifuko yake mwenyewe, kila aina peke yake, na vigumu vyumba vyao. Mkazie kijana akirudi likizo: kila chambo kilichogusa maji ya chumvi kisuuzwe kwa maji baridi na kikauke kabla kifuniko hakijafungwa. Ukitia vipande viwili vya chaki ndani ya kisanduku vitanyonya unyevu, na shuleni kwao havikosi.